Nilifunga Dirisha la Boti, Mume Wangu Akabeba Lawama

Admin, nifiche kabisa. Kaka zangu wanasoma ukurasa huu kila siku, na wakinitambua kabla sijaamua la kufanya, nimekwisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, fundi wa kushona nguo mjini Homa Bay. Nimeolewa, nina watoto wawili, na mume wangu ananunua ng'ombe soko la Ogwedhi na kuwauza. Kwetu nilikozaliwa ni upande wa Ndhiwa. Haya yalianza wakati wa korona, na Jumapili hii yataisha, vizuri au vibaya.

Mama yangu alifikisha miaka sabini akiwa hajawahi kupanda chombo cha majini, ilhali kila akija kwangu analiona ziwa. Tukapanga kumtembeza. Kulikuwa na boti ya watalii ya orofa mbili iliyokuwa ikizungusha familia ziwani kutwa. Safari iliahirishwa mara mbili kwa sababu ya korona. Iliporuhusiwa, masharti yalikuwa mengi kuliko abiria: boti nusu tupu, familia moja meza moja, barakoa mpaka wakati wa kula, madirisha yote wazi. Na lile kubwa: mtu mmoja akiwa na dalili, familia nzima inarudi nyumbani. Nikashona barakoa za kitenge kimoja kwa wote. Mama alikuwa akijaribu yake mbele ya kioo kila alipopata nafasi.

Asubuhi ya safari nilikuwa jikoni nikichemsha maziwa, binti yangu akaingia mbio. "Mama, maziwa inaungua! Kwani husikii?" Sufuria ilikuwa nyeusi, jikoni moshi mtupu, na mimi nimesimama hapo hapo sisikii harufu yoyote. Nikanusa sabuni. Hakuna. Kichwa kilikuwa kikiniuma tangu jana yake. Msinitetee kwamba sikujua, redio zilituimbia dalili hizo kila siku. Nilijua. Nikameza tembe mbili za kutuliza homa, nikanyamaza.

Pale gatini tulipimwa joto, wote tukapita. Kisha mhudumu akaniuliza mimi, kwa sababu ndiye niliyeandikisha familia: "Kuna mtu ako na homa, kikohozi, ama hasikii harufu?" Mama alikuwa nyuma yangu, amevaa viatu vyake vya kanisani. Nikasema, "Hakuna, tuko sawa wote." Nikatia sahihi.

Sasa, kwetu Wajaluo mwanamume hali meza moja na mama mkwe wake, wala hawagusani. Mume wangu alicheka, akamwambia mhudumu, "Boss, mimi na huyu mama tulianza kuweka distance tangu nioe, hata korona haijazaliwa." Akapanda orofa ya juu, kwenye upepo, na watoto na kaka yangu mkubwa. Mimi nikabaki chini chumbani na Mama, wawili tu.

Boti ilipofika katikati ya ziwa Mama akajikunyata. "Nyathina, mwanangu, baridi inaniingia." Nikafunga dirisha. Mhudumu akaja akalifungua. "Madam, dirisha isifungwe, hizo ni rules." Alipoondoka nikalifunga tena. Tulikula samaki uso kwa uso, barakoa zikiwa mapajani, Mama akicheka na kunisimulia mambo ya usichana wake. Mara mbili niliinuka nitoke nje, mara mbili akanivuta nikae. Nikakaa, nikacheka naye.

Wakati wa kushuka ubao ulikuwa na maji, Mama akateleza. Mume wangu, aliyekuwa nyuma yake, akamdaka kwa mikono miwili. Watu wakaguna. Kaka yangu alikunja uso. Mama peke yake ndiye aliyefurahi. "Ero kamano, wuoda," alimwambia. Asante, mwanangu.

Baada ya wiki moja alianza kukohoa. Alilazwa, akapimwa, ikawa ni korona. Hakurudi nyumbani. Tulimzika haraka haraka, watu wachache, tumesimama mbali na kaburi lake kama wapita njia.

Siku hiyo ya mazishi kaka yangu alimnyooshea mume wangu kidole. "Sisi wote tulikaa mbali na Mama. Ni wewe tu ulimshika, na wewe ndio unazunguka soko za ng'ombe." Hakuna aliyenitazama mimi. Binti kukaa na mama yake, nani angeona kosa hapo? Mume wangu aligeuka kuniangalia, akisubiri niseme neno. Nikainamisha kichwa.

Tangu hapo hakanyagi kwetu. Watoto nawapeleka mimi. Kibaya zaidi, ameamini. Kuna siku tulikuwa tunakula akaweka kijiko chini, akaniuliza, "Mama Achieng, ile siku ningemwacha tu aanguke?" Nikamwambia alifanya vizuri. Hapo ndipo ujasiri wangu ulipoishia, na najichukia kwa hilo.

Jumapili familia inakutana kujengea kaburi. Kaka zangu wamesema mume wangu anaweza kuja, akiomba msamaha mbele ya watu wote. Amekubali. Amechagua mtamba mzuri wa fidia huko Ogwedhi, amemfunga nyuma ya nyumba. Jana mchana nilikuwa naanua nguo nikamsikia akijizoeza peke yake: "Nilimuua mama yenu bila kujua. Nisameheni." Akakosea, akaanza tena.

Nikisema ukweli, kaka zangu hawatanitazama tena, na sijui kama yeye ataweza kuishi na mtu aliyemwacha abebe haya miaka yote. Nikinyamaza, Jumapili atapiga magoti. Ameniomba nisimame karibu naye wakati akisema. Nimemwambia ndiyo.

Ndugu zangu, nimwambie yeye kwanza, au niseme hapo hapo mbele yao? Nitukaneni mkitaka, lakini mnijibu kabla ya Jumapili.