Kibanio cha Kumi

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha imbabura, jiko lake la mkaa, na kuteleka chai, Mukandori humwaga vibanio vya nguo juu ya meza ya cherehani na kuvihesabu. Havihesabu kwa macho. Hugusa kimoja kimoja kwa kidole, akikisogeza kutoka kushoto kwenda kulia, hadi kumi. Huvirudisha kwenye kopo la maziwa ya unga, hulifunga, na chai inapoanza kuchemka hulifungua tena na kuhesabu upya. Majirani wa mtaa wa Mbugangari wanaopita mlangoni wameshazoea. "Maman anahesabu watoto," husema, naye hutabasamu bila kuinua kichwa, asije akapotewa na hesabu.

Ni fundi cherehani. Alirudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, akiwa msichana, na hadi leo hushona sare za shule na mapazia. Miaka mitatu iliyopita klabu ya warukaji ilimletea parapenti, lile bawa la kitambaa la kurukia angani kutoka kilimani, iliyochanwa na matawi ya mkaratusi. Mafundi wengine walikuwa wamekataa kugusa kitambaa kile chepesi kinachoteleza. Yeye alikitia kiraka ambacho hata kidole hakikioni. Baada ya hapo Aloys, mzee wa klabu, akamfundisha kazi nyingine: kukunja parashuti ya akiba. Ni ile ndogo inayokaa kwenye mfuko chini ya kiti cha mrukaji. Parapenti ikijikunja hewani, mtu huvuta mpini, na hiyo ndogo ndiyo inayobaki kati yake na ardhi. Hukunjwa pindo juu ya pindo, na kila pindo hushikwa na kibanio mpaka lingine litulie. Mwishoni vibanio vyote hutolewa.

Mukandori mwenyewe hapandi hata ngazi ya ghorofa bila kushika ukuta.

Klabu hukutana Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja karibu na ziwa. Watu hawazidi kumi na watano. Hunywa chai ya maziwa na kula maandazi, mmoja wao hutoa mazungumzo, wengine humkatiza. Mimi huandika kumbukumbu. Nilichagua benchi la nyuma kwa sababu pale mtu haulizwi kitu. Mukandori alikuwa amelichagua kabla yangu, nadhani kwa sababu hiyohiyo.

Kuna desturi moja isiyovunjwa. Siku ya kuruka, kabla watu hawajaingia kwenye magari, aliyekunja parashuti husimama mbele ya wote na kusema, "Nimekunja mimi." Atakayeruka hujibu, "Naruka nayo." Hakuna anayetuma mwenzake amsemee.

Jumamosi ninayoieleza ilikuwa ya Rwema. Ni kijana anayetengeneza simu sokoni, na siku hiyo angeruka peke yake kwa mara ya kwanza, kutoka kilima kilicho juu ya Kanama hadi uwanja wa mpira uliopo chini. Mama yake alikuwa ametoka Kanzenze alfajiri na tayari alikuwa uwanjani, akimngoja. Rwema hakula. Alikuwa akizungusha kikombe tu.

Aloys alizungumzia upepo wa ziwa. Alikulia Karagwe, na huongea polepole kama mwalimu wa shule ya msingi.

"Saa nne upepo huu ni rafiki," alisema. "Saa sita hamjuani tena. Ukianza kukusukuma magharibi, usibishane nao. Shuka. Mpaka hauonekani ukiwa juu, lakini wanaoulinda wanakuona."

"Mzee, unamtisha bwana harusi," alisema Derek, mwenyekiti wetu, mfanyabiashara aliyekulia Uganda na asiyeweza kukaa kimya dakika tano. "Rwema, ukivuka huko, utuletee vitenge."

Watu walicheka. Rwema naye akacheka, ila kikombe kikagonga sahani.

Mukandori hakucheka. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilidhani anasali rozari. Kisha nikaona jasho likitiririka kutoka kwenye kilemba chake, na nje asubuhi bado ilikuwa na baridi. Mkono ukasimama. Ukaanza upya. Ukasimama tena mahali palepale.

Nilichungulia. Mkobani hamkuwa na rozari. Kulikuwa na vibanio, naye alikuwa ameviweka vyote upande mmoja, akivirudisha kimoja kimoja upande wa pili. Vilikuwa tisa.

Sasa najua alichokuwa akikiona kichwani. Jumatano, alipokuwa akikunja, kibanio kimoja kati ya vile kumi vya utepe mwekundu kilimvunjikia. Akatoka nje, akachomoa kingine kwenye kamba ya kuanikia. Kilikuwa cheupe. Na kitambaa cha parashuti ni cheupe. Alipomaliza alitoa kila chekundu alichokiona, akafunga mfuko bila kuhesabu, maana siku hizo hakuwa na desturi hiyo, akaenda kumpima mtoto wa mteja sare.

"Bon, tumalize," alisema Derek, akipiga makofi. "Upepo haungoji. Nani amekunja?"

Mfuko wa parashuti ulikuwa mezani, kati ya sahani ya maandazi na chupa ya chai, umefungwa vizuri.

Mukandori aliweka mikono kwenye benchi la mbele akajiinua. Alifika nusu. Akakaa.

"Maandazi yamekuwa mazito leo," alisema Derek. Vicheko. "Maman, simama bana, maneno ni mawili tu!"

Akajiinua tena. Niliona magoti yakitetemeka chini ya kitenge, kitambaa chote kikitikisika kama kimepigwa na upepo. Akakaa kwa kishindo, benchi likalia. Safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Rwema aliacha kikombe akaja nyuma. Alichutama mbele ya Mukandori.

"Tantine, uko mgonjwa?"

Alitikisa kichwa.

"Basi ni nini? Niambie mimi."

Akafungua mkoba akamwonyesha.

"Iko tisa," alisema, kwa sauti ambayo mimi niliyekaa ubavuni niliisikia kwa shida. "Ilikuwa kumi. Moja sijue iko wapi. Rwema mwanangu, sijue."

Rwema aliyarudia maneno yake kwa sauti, wote wakasikia. Derek alishusha pumzi. "Labda iko nyumbani. Jamani, tukifungua, kukunja upya ni kazi ya saa mbili. Upepo utakuwa umekwisha, na mama wa huyu anangoja kule."

Rwema aliutazama mfuko. Naamini alimfikiria mama yake, na picha alizoahidi kupiga, na wenzake wa sokoni waliojua kwamba leo ni leo.

"Fungueni," alisema.

Walisogeza meza. Aloys aliushika mfuko chini ya nyonga, kama unavyokaa kwa mrukaji, akavuta mpini kwa nguvu na kurusha, kama anavyopaswa kufanya mtu anayeanguka. Kitambaa kilitakiwa kusambaa chumba kizima. Kilitoka kama mto wa kulalia, kikaanguka sakafuni, pu, kikabaki hivyo. Aloys alikivuta kwa kamba. Hakikufunguka. Akavuta tena. Mwishowe alipiga magoti, akapenyeza vidole kwenye mapindo, na alipoinua mkono alikuwa ameshika kibanio cheupe cha plastiki.

Nje mtu alikuwa akiosha gari, maji yakimwagika. Rwema alikaa chini sakafuni, karibu na kile kitambaa, akaweka kiganja juu yake kama anayepima kama kina joto. Derek alitoka nje, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alimsogezea Mukandori chai, kwa mikono miwili.

Rwema aliruka wiki mbili baadaye, akatua salama. Siku hizi vibanio vyote vina utepe, na mtu wa pili huvihesabu. Wanachama wapya husimuliwa kisa hiki. Derek ndiye hukisimulia, na hakiingizii mzaha hata kidogo: jinsi Maman alivyokataa kusimama kusema uongo mbele ya watu wote. Hapo wageni hugeuka kumtazama, naye huangalia vidole vyake.

Nimeona jinsi anavyoviangalia. Mwezi uliopita nilimpelekea sketi ya kupunguza, nikamkuta anahesabu. Nilingoja amalize. Nikamuuliza kama siku ile alikaa kwa sababu alikuwa ameamua kusema ukweli.

Alifunga kopo.

"Hapana," alisema. "Nilitaka kusimama niseme nimekunja mimi, iishe. Miguu njo ilikataa."