Sentensi Yangu Ndefu ya Kwanza

Harufu ya impepho, majani ya kufukiza yanayouzwa sokoni Warwick, bado hunirudisha siku ile nilipopita pale na mama. Nilikuwa mdogo, na Kizulu changu kilikuwa cha kuruka kamba tu: njoo, lete, zamu yangu. Wanaume watatu waliokuwa wakiwasaka wageni wakatuzuia njia.

"Unatoka nchi gani?" mmoja alimuuliza mama kwa Kizulu.

Mama hakukijua. Akaniminya mkono. Ndipo sentensi ndefu ikanitoka kwa Kizulu, bila kukatika: "Tangu mama augue hawezi kusema, ndiyo maana mimi ndiye ninayemsemea."

Wakatupisha.

"Nani alikufundishaka kusema vile?" mama aliniuliza nyumbani.

"Sijui, mama."

Siku hizi anaongea Kizulu kunishinda. Lakini tukifika pale sokoni, anafunga mdomo na kunishika mkono.