Mto wa Mjomba

Juzi, kwenye duka la mitumba kule Manassas, Marekani, niliona sanduku la kanda za filamu za kutisha, nikamkumbuka Mjomba Kimani. Nilipokuwa mtoto, Oktoba nzima alikuwa akituwekea kanda zake, moja kila alasiri, katika fleti yetu ya Adelphi iliyonuka chai ya tangawizi. Mzimu ukitokea, alinirushia mto wa kochi akicheka, "Funika macho, mwoga wewe!"

Siku ya Halloween yenyewe, usiku ambao watoto huvaa vinyago na kupita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende, mlango uligongwa kwa nguvu. Mjomba alizima televisheni upesi.

"Ni watoto wanaomba peremende, Mjomba," nilinong'ona.

"Umewaona?"

"La."

"Basi kaa kimya."

Nilidhani yeye aliyecheka mizimu ya kila aina sasa anaogopa watoto waliovaa vinyago. Sikujua kwamba viza yake ilikuwa imekwisha zamani, na kwamba kila aliyegonga angeweza kuwa mtu wa uhamiaji.

Wakagonga tena. Sikuwa na la kumfanyia, nikausogeza mto taratibu hadi mapajani mwake. Safari hii hakucheka. Aliuchukua, akafunika uso.