Aliyepunguza Upinde Akaiacha Bei

Muuza pinde wa Jeppestown, hapa Johannesburg, amefariki, na sina machozi ya kumpa. Habari ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa nanyoa ndevu: kifua kilichokuwa kikimsumbua tangu baridi ianze kimemshinda, na anazikwa siku hiyohiyo baada ya adhuhuri, kutoka Mayfair. Nimemfahamu miaka mingi, nimekunywa naye chai mara nyingi kuliko nilivyokunywa na ndugu zangu wa damu, na najua wasomaji wa safu hii mnatarajia nimseme vizuri. Marehemu hasemwi vibaya, tumefundishwa hivyo. Lakini huyu aliwasema vibaya walio hai, mbele yao, tena wakiwa wamemletea riziki, kwa hiyo naona tunaweza kwenda sawa.

Alikuwa Mtanzania mwenzangu, mtu wa Tanga, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya gereji mbili. Humo aliuza pinde za kompaundi zilizotumika, zile zenye kapi kila ncha na kamba zinazopishana, ambazo Makaburu wenye mashamba huzibadilisha kila msimu kama watu wanavyobadilisha simu. Wateja wake wengi walikuwa watu wetu. Bunduki inataka leseni, na mtu anayeishi hapa kwa karatasi ya ukimbizi hawezi hata kuiota. Upinde hauulizwi leseni, na kwenye mashamba ya wanyama mtu akilipa anawinda kama watu wengine. Kazi aliijua, hilo siwezi kumnyima. Alikufundisha kupitisha pamba kwenye mikono ya upinde, na pamba ikinasa ujue pana ufa, uache hata ukipewa bure. Alikusimamisha ukutani umenyoosha mikono, akapima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kwa sababu upinde wa bei nzuri, alisema, ni ule unaokutosha wewe, na usiokutosha ni hasara hata ukiuokota. Halafu akakutukana. Fundi cherehani mmoja Mrundi, mtu mfupi na mpole, alipimwa hivyo mbele ya wateja, kisha akaambiwa, "Wewe kanunue manati." Watu wakacheka. Watu walikuwa wakicheka sana kwenye karakana ile, na ndiyo maana walirudi.

Sasa nawaletea mlinzi. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, aliyekuwa akilinda geti la ghala moja jirani, mtu mrefu, mkimya, anayejua kusoma nyayo za mnyama kama mimi ninavyosoma gazeti. Mwaka 2016 alipata bahati ambayo haiji mara mbili. Mwenye shamba mmoja wa Limpopo alitaka kiongozi wa wawindaji wa upinde, akamwambia: njoo na upinde wako mwenyewe, uangushe mnyama mmoja vizuri mbele ya macho yangu, na kazi ni yako, pamoja na nyumba ya mke na watoto. Mlinzi akaja karakanani, akachagua upinde kwa uangalifu, akapitisha pamba, akapimwa mikono. Kisha akaambiwa bei. Akaguna, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Eh, mzee, hii iko nguvu sana. Punguza kidogo basi, tuko bandugu."

Kwa Mkongo, kitu kikiwa nguvu maana yake kina bei kali. Kila anayeishi nao analijua hilo, lakini Mtanzania mgeni hulisikia neno lile na kuelewa kwamba kitu ni kigumu. Muuza pinde akasema, "Usijali, ndugu yangu, napunguza." Akachukua spana yake ndogo, akalegeza skrubu za juu na za chini, zile zinazoupa upinde nguvu ya kusukuma mshale, mzunguko baada ya mzunguko, kisha akampa. "Vuta sasa." Mlinzi akavuta, ugwe ukaja kwa ulaini. "Iko mupole," akasema, akitabasamu, akidhani zamu ya bei inafuata. Ikafuata. "Na bei, mzee?" Muuza pinde akawageukia wateja wengine akiwa amekunjua mikono. "Si umesema nipunguze? Nimeshapunguza!" Karakana nzima ikaangua kicheko. Mlinzi aliona haya kuomba mara ya pili mbele ya kicheko kile, akalipa bei ileile. Aliuliza jambo moja tu akiwa mlangoni: "Kwa tandala itatosha?" Akajibiwa, "Utatosha na kubaki." Mimi nilikuwa nimekaa palepale na kikombe changu, nikaamini kwamba ni lugha tu iliyowapishanisha.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mlinzi mwenyewe. Alifanya mazoezi uani kwao Bellevue, akilenga gunia lililojazwa matambara, na mishale ikaingia vizuri, kwa kuwa gunia halina mbavu. Mkewe akafunga vyombo na kumuaga mwenye nyumba. Kule Limpopo alikaa kwenye maficho karibu na maji, mwenye shamba pembeni yake, mpaka tandala dume akaja kunywa. Alimpiga pale panapotakiwa, nyuma ya bega. Mshale ukaingia kidogo tu, mnyama akaruka, akaondoka nao. Walimfuata hadi giza likawazuia. Asubuhi walimkuta amesimama kwenye miiba, mshale ukicheza kila akivuta pumzi, nzi wamemjaa mpaka machoni. Mwenye shamba akammaliza kwa bunduki, akafuta mikono, akasema, "Rudi kwenye geti lako." Aliporudi Bellevue, chumba chao kilikuwa kimeshapangishwa mtu mwingine. Familia ililala kanisani wiki kadhaa. Upinde akauuza, na tangu hapo kila mtu akimuuliza kuhusu uwindaji hutazama mkono wake wa kulia na kusema, "Mukono yangu ilinisaliti."

Tunapenda kujisifu, sisi wa Johannesburg, kwamba Kiswahili kimetufanya familia moja. Kwenye harusi na misiba tunasema hivyo: Mkongo, Mrundi, Mkenya, Mtanzania, lugha moja, damu moja. Ni kweli tunaelewana, na mimi siku hizi ndiko kuelewana huko ninakokuogopa. Mzulu akitaka kukudhulumu lazima kwanza akutafutie lugha. Ndugu yako anayo tayari, anajua neno lako lina sura ngapi, na anaweza kuchagua sura itakayokuumiza kisha akainua mikono na kusema hakuelewa. Nani atambishia? Tunasikilizana kwa namna ya kuchekana. Watoto wetu wanaojibu kwa Kiingereza na Kizulu tunawalaumu kwamba wametupa lugha ya wazazi, na huenda wamekaa kimya sebuleni wakisikiliza tunayofanyiana kwa lugha hiyo.

Nasema haya kwa sababu wiki mbili kabla ya kifo nilimpelekea mgonjwa machungwa. Alikuwa amekonda, lakini ulimi ulikuwa mzima. Akakumbuka kisa cha mlinzi, akacheka hadi kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo na kumnywesha maji. Alipopata pumzi akasema, "Kwani wewe ulidhani sikumwelewa? Nimepanga nyumba moja na Wakongo tangu nifike nchi hii. Nguvu ni bei! Hata mwanangu mdogo anajua." Nikamuuliza kwa nini, basi. "Dukani kulikuwa na watu. Watu wanataka kuchekeshwa." Nikamuuliza kuhusu tandala. Akafikiri kidogo, kama mtu anayetafuta haki. "Nilijua mshale hautazama. Ila nilidhani atakosa." Kisha akaomba nimmenyee chungwa, nikammenyea. Nilimchukia, na nilimmenyea.

Siku ya maziko, kabla ya kumswalia, kaka yake alisimama mbele ya jeneza na kufanya kama ilivyo desturi. Alisema marehemu alikuwa binadamu, na kama alimkosea yeyote kwa kujua au kutojua, familia inaomba asamehewe. "Je, mmemsamehe?" Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Sauti iliyopaa kuliko zote ilitoka nyuma, kwenye ukuta walikosimama Wakristo na kofia zao mkononi. Ilikuwa ya mlinzi, mwenye sare ya kazi, aliyeomba mwenzake amshikie geti ili aje kumzika mtu aliyeamini kwamba alimuuzia upinde mzuri, yeye mwenyewe akashindwa kuutumia. Mimi sikuitikia.

Tulitoka pamoja makaburini, na tuliposimama kwenye roboti, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, kusubiri magari yapite nikamwambia yote. Magari yakasimama, watu wakavuka, sisi tukabaki. "Alijua?" akauliza. Nikamwambia alijua. Akautazama mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua. Kisha akauliza, "Na ile samahani nilimupa, naweza kuirudisha?" Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia haiwezekani, ameitoa mwenyewe mbele ya watu, na aliyepewa ameshaondoka nayo. "Eish," akasema, na akavuka taa ikiwa nyekundu.

Wasomaji wangu, tumelelewa kusamehe kwa sauti moja, kama watu wanaoitikia dua, na wenye hila wanalijua hilo tangu wakiwa hai. Siku mtakayoombwa kumsamehe mtu mbele ya jeneza lake, ulizeni kwanza mnasamehe nini. Wafiwa watakasirika. Waacheni wakasirike, maiti hana haraka.