Mgomba wa Adventina

Usiku ule nililala na sauti ya yule kijana anayetafsiri sinema za Kizungu kwa Kiswahili ikiwa bado masikioni. Jioni mjukuu wangu Koku alikuwa ameweka sinema ya vita vya zamani vya Wazungu. Wajerumani wameingia kwenye mji wa watu, wameukalia, wanawakusanya Wayahudi na kuwasukumia kwenye mabehewa ya ng'ombe. Waoka mikate fulani wamemficha binti yao chini ya sakafu, chini ya tanuri. Kijana anatafsiri na utani wake humohumo: "Hapo sasa, mwanangu, hata panya hapumui." Majirani waliokuja kuangalia wakacheka. Binti akapatikana, akatiwa kwenye behewa, akaruka, wakamwokota watu wa msituni waliokuwa wakipigana na Wajerumani kwa siri. Vita vilipoisha akarudi kwao kwa miguu, akamkuta mama yake anafua nguo.

Koku akapiga makofi. "Unaona, Bibi? Labda na Bibi Adventina yuko hai huko ng'ambo ya mpaka, ana wajukuu wake."

Adventina ni mdogo wangu. Askari wa nchi jirani walipovuka mpaka na kukikalia kijiji chetu, mimi nilikuwa nimeolewa upande wa pili wa mto. Yeye na majirani walijificha kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe, wakafunikwa na majani makavu, juu udongo. Askari wa nchi nyingine wangepita. Hawa walikuwa watu wa ndizi kama sisi, shimo la pombe wanalijua, na walikuwa na kiu. Wakafukua wakitafuta ndizi, wakakuta watu. Wakaondoka nao, mpaka leo.

Baadaye baba akazika mgomba mahali pa mwili, maana ndivyo tunavyofanya mtu wetu asipoonekana. Unazikwa mgomba uliokatwa, gogo tupu. Lakini waliokwenda shambani walikuwa wanalia, wakaung'oa na mizizi yake. Mvua zilipokuja kaburi likachipua. Mama akasema, "Mnaona? Ardhi imemkataa. Mwanangu yu hai." Akaulinda ule mgomba, ndizi zake hakuna aliyezila, akafa anaangalia njia. Nikaupokea mimi, nikawa naupalilia.

Basi nikalala. Nikajiona nimekaa palepale mkekani na runinga inawaka yenyewe. Treni inapita. Halafu haipiti kwenye runinga tena, inapita katikati ya migomba yetu, polepole, majani yanaipapasa ubavuni. Mabehewani wamo wale wa shimoni. Namwona Mzee Gozibert na kofia yake ya kanisani, na Felista mkewe. Namwona Leonida muuza dagaa. Namwona Benedikta amembeba Deo, ambaye alikuwa hajaanza kutembea. Waliosimama nao ni wale wa sinema, na majina yao siyajui, hakuna aliyeyataja.

Adventina yuko kwenye upenyo wa mbao. Umri wake ni uleule, mzee ni mimi. Midomo yake inatembea, lakini ninachosikia ni yule kijana: "Anasema yuko poa kabisa, mapambano yanaendelea."

Namwambia, "Wewe baba, hebu nyamaza. Mdogo wangu anasema."

Akanyamaza. Treni haipo. Tuko ukingoni mwa shimo, mimi na yeye, jua kali, na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Dada Yustina," anasema, "umezeeka vibaya."

"Kuzeeka vizuri ndiyo kukoje? Ulikuwa wapi wewe?"

"Sikufika hata mtoni."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, una udongo kwenye kucha. Nikasema moyoni, basi, angalau yuko pamoja na mama. Nikamuuliza, "Mama hajambo?"

"Mama hajafika kwetu."

"Mama alikufa zamani. Mimi ndiye niliyemfumba macho."

"Kufa amekufa. Lakini amekaa kwenye ule mgomba, ananingoja nije kwa njia ya walio hai. Namwita, hageuki."

Nageuka, na mama yupo. Ameinama kwenye beseni, anafua nguo kama yule mama wa sinema. Anachofua ni gauni la Adventina la kipaimara, na kila akilikamua linatoa udongo. Namwita, "Mama." Namwita tena kwa jina lake, Paskazia, jina ambalo sikuwahi kumwitia akiwa hai. Hageuki. Anaangalia njia.

"Ung'oe, Dada," Adventina anasema. "Pamoja na mizizi."

"Nikiung'oa, atakuja kwako?"

"Sijui. Huku hatuambiwi. Lakini ataacha kungoja."

Nikataka kumuuliza habari za Deo. Nikafungua mdomo, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Runinga imezimwa, imefunikwa kitambaa chake. Koku alikuwa anafagia uani. Nikamwambia aniletee panga, tunakwenda kaburini kwa Adventina.

Akasimama na ufagio wake. "Bibi, ule mkungu bado haujakomaa."

"Najua," nikamwambia. "Lete na jembe."