Siku Niliyomshuku Mtani Wangu Nikaishia Kwenye Kreni

Hii habari naionea aibu, na najua kuna mmoja wenu ameshaanza kucheka moyoni (nakuona), lakini kwa kuwa video mlishaiona, bora niwaeleze mwenyewe kabla hamjaongezewa chumvi.

Tulikuwa tunajenga ghorofa hapa Nyamagana, mimi fundi wa kupanga tofali, na kulikuwa na Mzaramo mmoja anaitwa Pazi, kazi yake kufunga na kukaza majukwaa ya mabomba tunayosimamia. Sasa mimi Msukuma, yeye Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na kila asubuhi salamu yake ilikuwa ileile: "Mtani, leo nakuzika, wali wa matanga nimeshauagiza." Nilikuwa nacheka, ila mimi ni mtu wa kushuku, nimezaliwa hivyo, hata mama ntilie akinijazia chai sana najiuliza anataka nini.

Siku hiyo nikawahi kazini, nikamkuta Pazi peke yake ghorofa ya nne, palepale ninaposimama mimi, ana spana mkononi, anahangaika na ule waya wa usalama tunaonasia ndoano za mikanda yetu ili mtu akiteleza asifike chini.

"Unafanya nini hapo?" nikamuuliza.

"Nakuandalia safari, mtani."

Akacheka. Mimi sikucheka. Utani gani huu unaokuja na spana? Nikakumbuka juzi nilimtania mbele ya fomeni, akanyamaza kimya, nikasema kumbe aliliweka moyoni. Nikaapa waya wake sinasi. Lakini ukionekana juu bila kunasa ndoano unafukuzwa kazi, kwa hiyo nikatazama huku na huku, nikaona kreni imeshusha kreti la tofali kando yangu, minyororo mizito bado imelishika, nikasema hiki chuma hakuna spana ya Mzaramo itakayokiweza, nikanasa ndoano yangu hapo. (Jamani, nilijiona nina akili!)

Tukawa tunapakua tofali na wenzangu, Pazi ameshashuka, jicho langu moja liko chini kwake, namwona anaongea na Kabula, dada anayempa ishara dereva wa kreni, wanatazama juu, wanacheka. Nikasema ndiyo hao, wanapanga. Kumbe Kabula anaangalia tu kama tofali zimekwisha! Akainua mkono, kreti likaondoka, na mimi nikalifuata.

Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Nikapita juu ya barabara nazunguka, raba moja ikadondoka, chini watu wa sokoni wameacha biashara wameinua simu, na mmoja anauliza kwa sauti, "Huyo ni fundi au ni sarakasi?" Katikati ya hayo simu yangu ikaanza kuita mfukoni, inaita, inakata, inaita tena. Alikuwa mama, yuko Magu, video ilishamfikia nikiwa bado hewani. Nilipokuja kupokea baadaye aliuliza neno moja tu: "Masalu, umeacha ufundi?"

Dereva alinishusha polepole, na wa kwanza kunifikia alikuwa Pazi. Alinidaka miguu kabla haijagusa chini, machozi yanamtoka waziwazi mbele ya watu wote. Nikasubiri aseme habari ya kunizika.

"Mtani," alisema, "sikuagiza wali wowote. Ule waya ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa sababu ni wako."

Nilitamani kreni inirudishe juu.

Bado nashuku, siwezi kuwadanganya, na kila asubuhi navuta ule waya mwenyewe kabla ya kunasa, lakini nikiona jambo nauliza kwa mdomo, na kwenye kitu kinachoondoka sinasi tena mpaka naingia kaburini. Pazi naye aliacha kabisa kunitania, ananisalimia kwa adabu kama mgeni, na kimya chake kiliniumiza kuliko video. Jana ndiyo kanikuta ngazini, akautazama mkanda wangu, akauvuta kuona kama umekaza.

"Mtani," akasema, "leo nakuzika."

Nilifurahi mpaka nikaona haya.