Kikapu Kinachozunguka Kushoto

Shangazi yangu amefagia jumba la makumbusho miaka kumi na tisa, na ukigusa kioo anavyokukunjia uso, utadhani vitu vyote mle ni urithi wa babu yake. Mimi mwenyewe amenifukuza mara mbili kwa sababu ya vidole.

Asubuhi moja alikuwa akipangusa madirisha ofisini kwa mhifadhi wa vikapu, akamsikia akimwambia msaidizi wake kwamba kikapu cha rafu ya chini kirudishwe stoo kabla ya maonyesho ya Ijumaa. Vingine vyote mshono unazunguka kulia kuanzia kitakoni, hicho kinakwenda kushoto. Kazi ya mwanafunzi, alisema.

Shangazi akaweka kitambaa chini. Kikapu kile alikitambua tangu wiki yake ya kwanza kazini, akanyamaza, maana nani angemsikiliza mfagizi? Lakini nyumba yao iliungua yeye akiwa msichana, na hatuna hata picha moja ya bibi. Kikapu kikiingia stoo, ndiyo basi tena.

"Samahani, bosi. Hicho hakijakosewa. Aliyekishona alikuwa mashoto. Ni mama yangu."

Mhifadhi hakucheka, na kwa hilo nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Aliuliza tu, "Tutajuaje, mama?"

"Nipe majani na sindano."

Shangazi anakula, anaandika na kunitishia kofi kwa mkono wa kulia. Ila kushona alijifunza ubavuni mwa mama yake, akiiga mikono ilivyokwenda, kwa hiyo sindano huishika kwa kushoto. Akashona mizunguko mitatu. Mhifadhi akaiweka kando ya kikapu, akainama kuilinganisha nacho. Hata fundo la kuanzia lilifichwa mahali palepale, chini ya mshono wa pili.

"Nisamehe. Nimemwita mama yako mwanafunzi."

"Umemweka pakavu miaka yote hii, mwanangu. Nashukuru sana."

Ijumaa tulikwenda ukoo mzima. Kikapu kilikuwa katikati ya chumba, na kadi mpya yenye jina kamili la bibi. Mama mmoja asiyetujua aliinama, akalisoma kwa sauti ili mwanawe asikie.

Shangazi akakaa kwenye benchi, machozi yakimtoka.

"Tangu tumzike," aliniambia, "leo ndiyo mara ya kwanza namsikia mtu baki akimtaja mama."